Nataka kusomea tafsiri kwa mtandao nikiwa huku Makambako, inatosha kweli kuwa mfasiri wa kulipwa?

Ticha_Makambako aliandika:

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Kiswahili na Kiingereza, huu mwaka wa saba. Nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu kwa hiyo habari ya kwenda kukaa Dar au Nairobi nisome haipo kabisa. Mwaka jana walikuja watafiti wa afya wilayani kwetu wakaniomba niwatafsirie dodoso lao, kurasa 14, nikakesha nalo siku nne wakanipa laki na nusu, na tangu hapo moyo wangu haujatulia. Niliipenda sana ile hali ya kukaa na sentensi moja nusu saa nzima unaigeuza mpaka inakubali.

Sasa nimepata chuo kimoja cha nje kinatoa diploma ya tafsiri kwa mtandao, miezi 9, ada ukibadilisha kwa hela yetu inafika milioni mbili na laki tatu, unalipa kwa awamu. Kuna nadharia, tafsiri ya sheria, tafsiri ya tiba na somo moja la programu za wafasiri. Mifano yao yote niliyoona ni ya Kihispania na Kifaransa ila wao wanasema kanuni ni zilezile kwa lugha yoyote.

Naomba kuuliza wale mnaoifanya hii kazi kwa kula, je hiyo diploma wateja wanaijali? Na mtu anaweza kweli kujifunza hii kitu peke yake chumbani usiku mtoto akishalala, au najidanganya? Hiyo hela kwangu ni nyingi, ni akiba ya miaka miwili, sitaki nikosee.

---

Kalamu_Tabata:

Ticha hongera kwanza kwa kuuliza kabla ya kulipa maana wengi tunauliza baadaye. Mi huu mwaka wa tisa naishi kwa tafsiri, kodi ya nyumba na ada za watoto vinatoka humo humo, na chuoni nilisoma sosholojia, wala sio lugha.

Kuna swali moja tu uwaandikie hao watu kabla hujatoa hata shilingi: kazi zangu za Kiswahili atazisahihisha nani? Sio nani atafundisha, nani atasahihisha. Nakwambia hivi kwa sababu mi nilishalipa kozi kama hiyo mwaka wangu wa pili, ya mtandaoni pia, nikapata 88 nikafurahi nikabandika cheti ukutani. Kuja kugundua mkufunzi wangu hajui neno hata moja la Kiswahili, alikuwa anasoma yale maelezo ya Kiingereza niliyoandika kueleza kwa nini nimetafsiri hivi na vile, anatoa maksi kwenye maelezo. Tafsiri yenyewe hakuna aliyeisoma. Yaani nilikuwa na makosa yangu yaleyale niliyoingia nayo, sasa yana cheti.

Aliyenifundisha kazi ni mama mmoja wa Tanga, mhariri, ambaye ejensi moja (kampuni inayotugawia kazi za tafsiri) ilikuwa inampa faili zangu azipitie. Hatujawahi kuonana uso kwa uso mpaka leo. Faili la kwanza lilirudi jekundu kuanzia juu mpaka chini na pembeni ameandika "hii ni Kiingereza kimevaa kanzu". Niliumia kweli siku ile. Lakini nikakaa nalo usiku, mstari kwa mstari, nikaandika kila kosa kwenye daftari, na baada ya miezi kama sita wekundu ukaanza kupungua. Kwa hiyo swali lako la pili jibu lake ni ndiyo, kwa mbali inawezekana kabisa, mimi mwenyewe nimefundishwa kwa mbali. Ila peke yako hapana. Tofautisha hivyo vitu viwili.

Kuhusu wateja kujali cheti. Ejensi kubwa nyingi zinafuata kiwango cha kimataifa kinaitwa ISO 17100, kilitoka 2015, na chenyewe kinasema mfasiri awe na moja kati ya haya: digrii ya tafsiri, au digrii ya kitu kingine chochote ukiongeza na uzoefu wa miaka miwili ya tafsiri ya muda wote, au kama huna digrii basi uzoefu wa miaka mitano. Wewe digrii ya ualimu unayo tayari. Kinachokosekana ni ile miaka miwili. Diploma ya miezi 9 isiyo ya chuo kikuu haikupi hiyo miaka, sasa piga hesabu mwenyewe. Na hichohicho kiwango kinalazimisha kila tafsiri ipitiwe na mtu wa pili, ndo maana nakusisitizia habari ya msahihishaji, sio mapenzi yangu tu, kazi yenyewe ndivyo ilivyojengwa.

Programu usilipie somo. Anza na OmegaT, ni ya bure, inafanya kazi hata kwenye laptopu ya zamani, na utajifunza nini maana ya kumbukumbu ya tafsiri, yaani sentensi zako za nyuma zinazohifadhiwa uzitumie tena, na orodha ya istilahi. Ukishaielewa hiyo, siku mteja akikwambia utumie programu nyingine kama Trados au memoQ utahamia ndani ya wiki, mawazo ni yaleyale vitufe tu vinahama.

---

Bi_Kisauni:

Hujambo dadangu mwalimu. Mimi niko Mombasa, natafsiri tangu 2013, nyingi ni za afya na za programu za simu. Naungana na Kalamu ila niongeze mambo ambayo watu hawaambiwi.

La kwanza, wateja wa nje wanagawa Kiswahili chetu kwa alama za nchi, utaona sw-TZ cha Tanzania, sw-KE cha Kenya, na cha Kongo kina yake. Usichukulie wepesi. Mimi nikiandikia Kenya naandika mswada bungeni na kaunti, wenzetu upande wenu mna muswada na mkoa. Huku shuleni wametufunza tarakilishi na rununu, nyinyi kompyuta na simu basi, na ukweli ni kwamba hata huku mtu wa kawaida anasema kompyuta na simu. Mteja mmoja alinirudishia kazi nzima kwa sababu nimetia "tarakilishi" kwenye programu ya wakulima wa kule kwenu na wakulima hawakuelewa. Nilikuwa na haki kikamusi lakini sikuwa na haki kwa yule mkulima. Amua soko lako ni lipi, na maneno ya upande wa pili yajue pia.

La pili, ukija kwenye programu za simu utakutana na kitu kinakutesa, unapewa neno moja pweke bila sentensi. Kiingereza wao neno lao la kufungua na la kuwa wazi ni hilohilo moja. Wewe utaandika Fungua au Iko wazi? Na kama ni wazi, ni nini kiko wazi, mlango, duka, faili? Uko wazi, liko wazi... lugha yetu haikubali kuandika bila kujua ngeli. Kwa hiyo jifunze kuuliza. Mfasiri asiyeuliza maswali mimi simwamini, na waajiri wazuri nao hivyohivyo, mwanzo nilikuwa naona haya nikidhani wataniona sijui, kumbe wanaouliza ndio wanaorudishwa kazini.

Na miaka miwili ya uzoefu unaianza vipi bila mteja? Jitolee. Kuna Translators without Borders, walianzia Ufaransa 1993, na 2012 walifungua kituo cha mafunzo hapa kwetu Nairobi, ndiko nilikopitia mimi. Kazi ni za mashirika ya misaada, chanjo, maji, wakimbizi, na kazi yako inaweza kupitiwa na mfasiri mwingine, ndiyo hiyo sahihisho unayotafuta na hulipi hata senti. Hulipwi pia, lakini unapata maneno yako ya kwanza elfu ishirini, thelathini ambayo unaweza kuyaonyesha mtu.

Tahadhari moja dada, wasifu wako usiutume ovyo. Kuna wezi wanachukua wasifu wa mfasiri halisi wanabadilisha anwani ya barua pepe tu wanaombea kazi kwa jina lako. Utume kwa PDF, usitie nambari ya kitambulisho wala tarehe ya kuzaliwa. Na mtu akikutumia hundi ya pesa zaidi ya mlizokubaliana kisha akuombe umrudishie zilizozidi, kimbia, ile hundi itarudi benki na zako zimeshaenda.

---

mdau_wa_Kitunda:

Samahani kama nitakukatisha tamaa mwalimu ila mi nadhani umechelewa. Nilikuwa nafanya hizi kazi 2017 mpaka juzi juzi. Ejensi niliyokuwa nayo ilikuwa inanilipa senti 7 za dola kwa neno, baadaye wakaja na mtindo wa kwamba mashine inatafsiri we unarekebisha, bei ikashuka mpaka 3, halafu 2. Kwa siku unarekebisha maneno elfu sita macho yanauma mgongo unauma. Nimeacha, nimefungua duka la vifaa vya umeme na nalala vizuri. Milioni mbili na laki tatu ni mtaji kabisa huo, usiupeleke kwenye kitu ambacho simu inafanya bure.

---

Kalamu_Tabata:

Mdau nakuelewa na sikupingi kwenye bei, imeshuka, ni kweli tupu, na mi pia kuna wateja niliwaacha kwa sababu hiyohiyo. Ticha asije akadhani tunampamba. Zile kazi nyepesi za maelezo ya bidhaa na matangazo ya hoteli zimeondoka na hazirudi.

Ila siku moja nilipewa nirekebishe karatasi ya maelekezo ya dawa iliyopitishwa mashine. Imeandikwa mgonjwa anywe kidonge saa 8 asubuhi na saa 8 usiku. Niambie bibi yako kule kijijini atakunywa saa ngapi? Hakuna saa nane asubuhi kwetu, ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Kuna atakayekunywa saa nane mchana, kuna atakayeamka saa nane za usiku wa manane. Kila neno pale lilikuwa sahihi na karatasi nzima ilikuwa hatari. Hilo limenifanya nione hii kazi kwa jicho lingine, kwamba kwenye tiba na sheria anayetakiwa ni mtu wa kuwajibika kwa kila mstari, na mtu huyo lazima awe amefundishwa kuona.

Kwa hiyo ticha chagua eneo. Ukiwa mfasiri wa kila kitu utapambana na mashine kwa bei ya mashine. Wewe umeshaanza na utafiti wa afya, kaa humohumo uchimbe.

---

Ticha_Makambako:

Nawashukuru sana kaka Kalamu, dada wa Kisauni na hata mdau, nimesoma yote mara mbili. Chuo nimewaandikia jana lile swali. Wamejibu leo asubuhi kwamba kwa lugha "zisizo na mkufunzi" tathmini inafanyika kwa Kiingereza. Basi nimeelewa.

Naomba kuwasumbua kidogo. Hii ni sentensi niliyoitafsiri kwenye ile fomu ya ridhaa iliyoambatana na dodoso, naomba mtu aisahihishe kama yule mama wa Tanga, msinionee huruma:

*"Ushiriki wako katika utafiti huu ni wa hiari na una uhuru wa kujiondoa muda wowote bila ya adhabu au kupoteza faida ambazo vinginevyo una haki nazo."*

---

Kalamu_Tabata:

Haya ticha. Sarufi haina kosa, mwalimu wa Kiswahili anaonekana. Sasa isome kwa sauti mbele ya mama aliyebeba mtoto kwenye benchi la zahanati.

"Ushiriki wako ni wa hiari", Kiingereza wanapenda majina, sisi tunapenda vitenzi. Kushiriki ni hiari yako, basi. "Bila ya adhabu", kwani nani alitaja adhabu, ukisema hivyo mama anashtuka anajiuliza kumbe kuna adhabu. Ila kisheria lazima ibaki, huwezi kuifuta, kwa hiyo iseme kama ahadi. Na hiyo "vinginevyo" hapo ndo Kiingereza kimekaa kabisa, kwa Kiswahili vinginevyo maana yake ni kwa namna nyingine au la sivyo, mtu akiisoma pale anapotea. "Faida" nayo, mama atafikiria hela, kinachosemwa ni huduma.

Mi ningeandika: *"Kushiriki ni hiari yako. Unaweza kuacha wakati wowote, na ukiacha hutaadhibiwa. Huduma zote unazostahili kupata hapa utaendelea kuzipata kama kawaida."*

Sentensi tatu badala ya moja. Mteja akilalamika kwamba umevunja sentensi yake mweleze, na jiandae maana kwenye utafiti wa tiba mara nyingi wanachukua tafsiri yako wanampa mtu mwingine airudishe Kiingereza bila kuona ya mwanzo, halafu wanalinganisha. Kwa hiyo huwezi kupunguza maana hata chembe, unarahisisha njia tu, mzigo unabaki uleule. Hapo "kama kawaida" nimeiwaza mara tatu, wanaweza kuniuliza imetoka wapi, nami nitawajibu ndo ile "vinginevyo" yako imevuliwa kanzu.

---

Bi_Kisauni:

Nimeipenda hiyo. Neno moja kwako mwalimu kwa kuwa unaenda kwenye tiba. Utakutana na kile kidonge wanachopewa kundi la kulinganishia, kisicho na dawa. Kamusi ina neno kipozauongo, tamu sana na limeundwa kwa ufundi, lakini ukiliweka kwenye fomu ya ridhaa mgonjwa ataona neno uongo na atainuka aende zake, na ana haki. Andika kidonge kinachofanana na dawa lakini ndani hakina dawa. Ni refu, lakini ni la kweli. Ya kamusini ibaki kwenye ripoti ya wataalamu.

---

Mwana_Bukavu:

Jambo kwenu wote. Mimi ni Mukongomani, niko Marekani tangu miaka kumi, ninafanya ukalimani hospitalini, ni kutafsiri kwa mdomo, na tafsiri ya kuandika kidogo. Mutanisamehe Kiswahili changu ni cha Bukavu, nafanya nguvu kuandika sanifu.

Mwalimu, Marekani wako watu wetu wengi sana kutoka Kongo, na karatasi nyingi wanazopewa ziko kwa Kiswahili cha Tanzania. Mamangu anazishika anasema "hii ni Kiswahili lakini siyo yangu". Hata wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020 kule Kivu Kaskazini na Ituri shida ilikuwa hiyo, mabango mengi kwa Kifaransa, au Kiswahili cha mbali, watu hawashike yote. Kwa hiyo mteja akikuambia "Kiswahili tu" muulize ni cha watu wa wapi. Ikiwa ni cha Kongo, usikubali peke yako, tafuta mutu wa kwetu apitie. Tutakupenda kwa hiyo.

Kuhusu cheti kinachohesabika, huku kiko kimoja, cha chama cha wafasiri wa Marekani, ATA. Wana mtihani wa Kiingereza kwenda Kiswahili, na siku hizi unaufanya nyumbani kwako kwa kompyuta. Lakini ni mugumu, wenyewe wanasema wanaopita ni chini ya 20 kwa 100, lugha zote pamoja. Mimi niliufanya nikaanguka. Nitarudi. Huo usiufanye sasa, ufanye nyuma ya miaka tatu ine, na ile feza ya diploma uweke kidogo pembeni kwa ajili yake.

Na watu wasikuchanganye na habari ya SADC kuchukua Kiswahili 2019 na Umoja wa Afrika 2022. Ni furaha kubwa, nilifurahi sana, lakini kazi nyingi pale ni za ukalimani wa mikutano, na wanapenda mutu mwenye Kifaransa ao Kireno juu ya Kiingereza. Ukiwa na mtoto mudogo anza na kalamu.

---

Kalamu_Tabata:

Umesema vizuri ndugu, na pole kwa mtihani, utapita. Ticha kingine cha hapa nyumbani, tangu sheria ilipobadilishwa 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, hati za sheria zinahitaji watu wanaojua. Na BAKITA wana kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili, ulizia taratibu zao ujiandikishe mapema, haitakuletea kazi kesho lakini jina lako liwepo.

Tukubaliane kitu. Kila Jumapili weka hapa aya moja ya fomu ya afya, maneno kama 150 hivi, asili na tafsiri yako, utoe majina ya watu na ya mradi kwanza. Mi nitasahihisha nikiwa na nafasi, na Bi Kisauni akipenda apite baada yangu maana sitaki upate jicho moja tu.

---

Bi_Kisauni:

Nitapita inshallah, na nitakusahihisha wewe pia Kalamu.

---

Ticha_Makambako:

Kaka, dada, ndugu wa Bukavu, sijui niseme nini. Diploma nimeiacha. Hela inabaki benki, nimetoa laki nane tu ninunue laptopu iliyotumika maana nilikuwa natumia ya shule, na bando la mwezi. OmegaT nimeipakua jana usiku, imenichukua saa nzima kuelewa kwa nini inakata sentensi vipande vipande lakini imekubali. Translators without Borders nimejisajili, nasubiri majibu ya jaribio.

Mdau wa Kitunda ushauri wako pia nimeuweka, nimejipa miaka miwili, shule siachi.

Aya ya kwanza iko tayari, inahusu kuchukua damu kwa watoto chini ya miaka mitano. Nimekwama kwenye "sampuli", mama wa huku anasema "damu ya kupima". Nimeandika damu ya kupima mara ya kwanza halafu sampuli kwenye mabano, sina uhakika kama inaruhusiwa. Mtoto ameamka, nitaiweka hapa nikirudi saa tatu usiku.